Nilimpenda saluki nikiwa Oman. Je, nimlete Mikindani?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Mikindani na mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi. Niliwahi kufanya kazi ya udereva Oman kwa mzee mmoja mwenye shamba la mitende upande wa Nizwa, na hapo ndipo nilipokutana na mbwa wanaoitwa saluki. Kwa asiyewajua, ni mbwa wembamba wenye miguu mirefu, kifua kimeshuka chini na tumbo limebana juu. Wengine wana manyoya marefu ya kulala masikioni na mkiani. Mimi ndiye niliyekuwa nawapeleka nje ya shamba alfajiri wakakimbie. Daktari, sijawahi kuona kiumbe kinakimbia vile. Tangu nirudi nyumbani sijawasahau.

Mwaka huu korosho zimenilipa vizuri na nimetenga shilingi milioni tatu na nusu. Nina njia tatu mbele yangu.

Ya kwanza, kuna mtu Dar es Salaam anauza watoto wa saluki wenye wiki sita kwa milioni moja na laki nane kila mmoja. Nimeona picha tu. Anasema "wana karatasi", na anataka nitume laki tatu kwa simu kabla ya Ijumaa ili anishikie dume. Mbwa ataletwa kwa basi.

Ya pili, nimeambiwa Nairobi na Afrika Kusini kuna wafugaji wanaoandikisha mbwa kwenye vyama, ila ni lazima mtu ajiandikishe na kusubiri.

Ya tatu, mtoto wa yule mzee wa Nizwa anahamia mjini kwenye ghorofa. Ana jike wa miaka minne niliyemjua tangu akiwa mdogo, yuko tayari kunipa bure nikigharamia safari. Mbwa huyo hana karatasi yoyote ya ukoo.

Nyumbani kwetu tuna uzio wa mchongoma unaonifika kiunoni. Mbele kuna barabara, bodaboda zinapita kutwa. Majirani wana mbuzi na kuku wanaozurura. Miezi iliyopita tuliibiwa betri ya sola, kwa hiyo nilifikiri mbwa huyu angetulindia nyumba pia. Rafiki yangu anasema kama ni ulinzi nitafute Azawakh, mbwa wa Watuaregi, kwa kuwa ni mkali zaidi. Nina shamba Nanyamba, nilipanga niwe naenda naye.

Tatizo jingine ni nyumbani. Mke wangu hataki. Anasema wageni hawatakuja, na watoto wataumwa. Mama anaswali na kusoma Qur'ani barazani, anasema mate ya mbwa yatamharibia udhu na nguo. Mimi nimewaambia Waarabu wenyewe wanalaza saluki ndani ya mahema yao. Hawajaridhika.

Nishauri, Daktari. Nichukue mbwa huyu au niache? Na nikichukua, nichukue wapi?

Mpenda Saluki, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu.

Natanguliza jibu ili usisome ukiwa roho juu. Saluki anaweza kuishi Mikindani akawa na afya na furaha, lakini si ndani ya uzio huo wa mchongoma, na si kwa kazi ya kulinda betri ya sola. Kati ya njia zako tatu, ya Dar ifunge. Ya Nizwa ndiyo inayonivutia, ila ina masharti, na sharti la kwanza liko mikononi mwa mkeo na mama yako.

Tuanze na ulinzi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Saluki amezaliwa na kuchaguliwa kwa karne nyingi kwa kazi moja: kuona kitu kinachokimbia mbali na kukifukuza mpaka akipate. Hakuchaguliwa kukaa getini. Mgeni akiingia, saluki wengi humtazama tu, au huondoka wakalala pengine. Ukimfunga mnyororo uani ili abweke usiku, utapata mbwa mnyonge, mwenye vidonda viwikoni, na mwizi atapita vilevile. Kwa ulinzi, weka taa, rudishia kitasa imara, na chukua mbwa wawili wa kienyeji kutoka kwa mtu unayemjua, wachanje na wafungwe uzazi. Mbwa wetu wa kienyeji wamezoea joto la pwani, hubweka kwa sababu, na tiba yao iko ndani ya uwezo wa afisa mifugo yeyote. Nimewatibu miaka mingi na nawaheshimu.

Azawakh kweli ana tabia ya ulinzi zaidi na humshuku mgeni. Asili yake ni Mali, Niger na Burkina Faso, na shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lilimtambua mwaka 1981. Lakini ni adimu kuliko saluki, na mbwa anayeshuku wageni kwenye nyumba inayopitiwa na majirani, watoto wa madrasa na wauza samaki ni kesi inayosubiri siku. Achana na wazo hilo.

Sasa uzio. Umeona mwenyewe saluki wanavyokimbia, kwa hiyo utanielewa. Mbwa huyu akifungua mwendo hupita kilomita 60 kwa saa. Mwana-mbuzi wa jirani akiruka upande wa pili wa barabara, saluki atakuwa ameshamwona kabla yako, ameshavuka mchongoma, na wewe unayeita jina lake ni sauti tu nyuma yake. Sio ukaidi wala kukosa mafunzo. Mbwa wengi wa aina hii, hata waliofundishwa vizuri, wakishaona kinachokimbia hawarudi wakiitwa. Kati yake na mbuzi kuna bodaboda. Nimeshona mbwa waliogongwa kwenye barabara yetu hii, na nisingependa kumshona huyu.

Kwa hiyo kabla ya mbwa, jenga. Ukuta wa tofali au wavu wa chuma wa futi sita, usioacha upenyo chini, na geti linalojifunga lenyewe, maana watoto watatu watasahau. Kwa ukubwa wa uwanja wa kawaida wa Mikindani, hapo sehemu nzuri ya milioni zako itaondoka. Sikitika sasa kuliko baadaye. Kama hesabu ya ukuta haikubali mwaka huu, basi mbwa naye hakubali mwaka huu.

Nje ya ukuta ni kamba kila siku, bila kumwonea huruma. Kola nunua au shonesha pana, ya kujikaza kidogo anapovuta, kwa sababu shingo ya saluki ni nene kuliko kichwa chake na kola ya kawaida hutoka kirahisi. Usimfunge kamba ndefu ya mita 20 ukadhani umempa uhuru. Akikimbia kwa kasi yake yote halafu kamba ikafika mwisho, anaweza kuumia shingo vibaya. Tafuta mahali pa kumwachia palipozungushiwa. Uwanja wa shule wenye ukuta, asubuhi ya Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, unatosha sana. Mbio zenyewe ni dakika chache za nguvu zote, kisha atalala nusu siku.

Hapo pia kumbuka hewa. Nizwa kuna joto kali lakini kavu. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, yaani kwa unyevu unaokauka mdomoni na kwenye ulimi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu tayari, hasa Januari mpaka Machi, na kuhema hakumsaidii kama kule. Miezi hiyo mkimbize kabla jua halijachomoza au usimkimbize kabisa. Upepo wa kusi ukishaingia, kuanzia Juni, utamwona anavyochangamka.

Shamba la Nanyamba nalikataa kwa kipindi cha kupuliza salfa. Vumbi lile la kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, huchoma macho na kifua cha mtu aliyejifunga kitambaa, sembuse mbwa anayehema mdomo wazi. Na kuna jambo la vijana wa shamba. Wakimwona watakwambia mpelekeni porini mkajaribu paa na sungura. Kataa. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kusema mbwa alikimbia mwenyewe hakutakuokoa. Ukipata safari ya Liwale au Nanyumbu karibu na mapori ya hifadhi, mwache nyumbani. Kule kuna ndorobo, nzi wanaoambukiza ugonjwa wa nagana, na mbwa akiupata huumwa vibaya sana, macho yanakuwa meupe kama maziwa, na wengi hufa kabla hajajulikana anaumwa nini.

Nataka nikae kidogo kwenye tiba, maana hapa ndipo mbwa adimu hufa mikononi mwa watu wema. Barua hii ihifadhi, umwonyeshe daktari wako.

Saluki na ndugu zake wa mbio, kama greyhound, wana mafuta kidogo mno mwilini, na ini lao huchakata baadhi ya dawa polepole. Nusukaputi ya kundi la babichureti, kama thiopentoni, inaweza kumlaza mbwa huyu saa nyingi kupita mbwa mwingine wa uzito uleule, na wengine hawaamki salama. Zipo dawa nyingine za kumlaza. Daktari aambiwe mapema kuwa ni mbwa wa mbio, asikadirie kwa mizani peke yake.

La pili ni damu, na hili hata wataalamu hulipita. Damu ya mbwa hawa ina chembe nyekundu nyingi kuliko kawaida. Mbwa wa kawaida, kipimo cha wingi wa chembe hizo huwa baina ya asilimia 37 na 55 hivi. Greyhound mzima mara nyingi huanzia 50 na kupanda juu ya 60, na saluki naye hukaa upande huo wa juu. Sasa fikiria ameumwa na kupe, homa imepanda, maabara inaandika 40. Kwa mbwa wa jirani yako, 40 ni sawa. Kwa saluki wako aliyezoea 55, ile 40 inakwambia damu inaharibika, na ukirudi nyumbani na vitamini utampoteza. Dawa yake ni rahisi: mpime damu akiwa mzima, wiki za mwanzo tu, na uandike namba kwenye kadi yake. Wakala ya Maabara ya Veterinari wana kituo Mtwara mjini. Kwa jambo kubwa zaidi kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ila ni mbali, upange nauli yake kabisa.

Na kupe wenyewe wawe vita ya kila wiki. Yule kupe wa kahawia anayepanda kuta na kujificha kwenye nyufa za nyumba ndiye msambazaji mkubwa kwa mbwa wa mjini. Kumwogesha mbwa bila kunyunyizia anapolala ni kazi nusu. Tazama ndani ya masikio na katikati ya vidole kila jioni. Kwa saluki mwenye manyoya ya masikioni tumia vidole, macho hayatoshi.

Kichaa cha mbwa sitakirefusha. Kadi ya chanjo kila mwaka, bila kuruka. Karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutokana na mbwa, na mikoa yetu ya kusini iliwahi kuwekewa mradi mkubwa wa chanjo kuanzia 2010 kwa sababu hiyo. Watoto wafundishwe: mbwa yeyote akiwang'ata au kuwakwaruza, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Narudi kwa mama yako na mkeo. Kwamba Waarabu hulaza saluki hemani ni kweli, na wafugaji wa jangwani humtofautisha kabisa na mbwa wengine. Lakini mama yako si wa jangwani. Watu wetu wa pwani wengi ni Shafii, na katika madhehebu hiyo mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo, awe saluki awe koko. Mimi ni daktari wa wanyama, hukumu za dini mwulize sheikh wa msikiti wenu, na umwulize pia juu ya mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda, maana atakufafanulia vizuri kuliko mimi. Ila nakuomba sana usimshinde mama kwa hoja. Baraza lile ni mahali pake pa kuswalia, na mbwa atakaa miaka kumi na zaidi.

Na ugumu wake ni huu: saluki hawezi kuwa mbwa wa kutupwa uani. Hana mafuta wala manyoya mazito ya kumtenga na sakafu, akilala kwenye saruji mifupa inatoboa ngozi. Na anataka watu karibu yake, akitengwa huharibika roho. Kwa hiyo anahitaji chumba chake chenye paa, cha pembeni, kinachotazamana na mahali familia inapokaa lakini chenye njia yake mwenyewe ya kutokea, ili asikanyage barazani. Ndani weka kitanda cha kamba kifupi na godoro la zamani juu yake. Nimeona mbwa wembamba wakilala hivyo bila kidonda hata kimoja. Chombo chake cha maji, ndoo yake, kanga kuukuu yake, vyote visichangamane na vya nyumba. Mchoree mama na mkeo mpango huo kwenye karatasi, uwaonyeshe chumba kitakaa wapi, halafu wasikilize. Mkeo ndiye atakayekuwa na mbwa huyo wewe ukiwa Nanyamba. Akisema hapana baada ya kuona mpango, chukua hapana yake. Nasema hivi nikiwa napenda mbwa hawa kama wewe.

Wakikubali, na ukuta ukiwa umesimama, ndipo tuzungumze wapi.

Nairobi kuna chama cha East Africa Kennel Club, na Afrika Kusini kuna Kennel Union of Southern Africa. Vyama hivi huandikisha mbwa, na mfugaji wa kweli atakupa namba ya usajili ya baba na mama ukaithibitishe chamani kwenyewe. Atakuuliza maswali mengi kuliko utakayomwuliza: ukuta una urefu gani, nani anabaki nyumbani, daktari wako nani. Akikuuliza hivyo, furahi. Mwulize na yeye kama wazazi wamepimwa moyo, kwa sababu moyo ni moja ya sehemu zinazowasumbua saluki. Njia hii ni ndefu lakini safi, na inakufaa kama unataka mbwa mdogo.

Jike wa Nizwa mimi namwona ni bora kwako. Unamjua tabia. Ana miaka minne, utundu wa ujana umepungua, na saluki huishi mara nyingi miaka 12 au zaidi, kwa hiyo mtakuwa na muda. Kukosa karatasi kusikusumbue kama huna mpango wa kuzalisha au kumpeleka maonyeshoni. Uingereza ilianza kumwandikisha saluki mwaka 1923. Waarabu walikuwa wakitunza koo zake kwa kumbukumbu karne nyingi kabla ya hapo. Lakini usikubali kabla daktari wa kule hajamsikiliza moyo na kumpima damu, na mwulize kijana wa mzee, bila kuona haya, kama amewahi kuua kuku au paka, na anafanyaje akiona mbuzi. Mbwa aliyezoea mbuzi wa shambani ana heri kwa majirani zako.

Kumwingiza nchini kunasimamiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Kibali cha kuingiza unaomba Wizara ya Mifugo na Uvuvi kabla mbwa hajapanda ndege, si akiwa ameshatua. Kule atahitaji cheti cha afya cha serikali na chanjo ya kichaa iliyo ndani ya muda. Anza kwa afisa mifugo wa halmashauri, akupe masharti ya sasa kwa maandishi. Kreti ya ndege imtoshe kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kulala amejinyoosha, na kwa saluki hiyo ni kreti kubwa, nauli yake itakuuma. Asipewe dawa ya kumlaza safarini. Akifika Dar apumzike siku moja, kisha mfuate kwa gari la mtu unayemjua. Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, asisafiri kwenye buti ya basi.

Sasa huyo wa Dar. Mtoto wa wiki sita ni mapema mno kutengwa na mama yake, mfugaji mwenye uchungu na mbwa wake hamwachii kabla ya wiki nane. Kichaa kwa kawaida huchanjwa kuanzia miezi mitatu, kwa hiyo akikuonyesha kadi yenye chanjo hiyo, itilie shaka. Na katika umri huo manyoya ya masikio na mkia bado hayajaota vizuri, mtoto wa saluki na mtoto wa koko mwembamba huwezi kuwatenga kwa picha. Mwombe simu ya video, sasa hivi, si kesho, amwonyeshe mama akinyonyesha watoto haohao, na akutumie namba ya usajili na jina la chama. Asipoweza, laki tatu zako nunulia saruji.